Baba Alivyonisomea Njia

Niliapa mbele ya ukoo kwamba baba atasema mwenyewe, na wakati naapa sikuwa na wazo hata moja la namna ya kumfanya aseme. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hutangulia, halafu mimi mwenyewe nafuata nyuma nikihema.

Kikao kilikuwa cha mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa baba. Alikuwa amepata mchumba huko Namanyere, seremala, kijana mtaratibu, na upande wa mwanamume walikuwa wametuma habari kwamba ulezi ukishavunwa watakuja rasmi nyumbani kwetu Majengo, hapa Sumbawanga, kuomba mke. Siku kama hiyo nyumbani kwetu kila mtu ana nafasi yake ya kuongea. Mshenga anaongea, wajomba wanaongea, mashangazi wanatania mpaka wageni wanatokwa jasho, lakini neno la kumtoa binti hulisema baba yake kwa kinywa chake. Na baba yetu alikuwa ameacha kusema.

Kiharusi kilimkuta uani akikaza kamba za mzigo wa jirani. Kilimchukua mkono wa kulia, nusu ya mguu, na maneno. Maneno hayakuisha, yalichanganyikana. Akitaka maji alisema chumvi. Akikubali alisema hapana. Alikuwa anajisikia anavyokosea, na hilo ndilo lililomvunja. Mtu aliyeendesha malori ujana wake wote, kutoka Sumbawanga kushuka milima ya Lyamba lya Mfipa mpaka Mtowisa, anakwenda na sabuni na mabati, anarudi na mpunga, mtu ambaye tulisikia sauti yake kabla lori halijakata kona ya mtaani, alifunga mdomo. Hata salamu alizikimbia. Sisi Wafipa tunasalimia kwa mikono: unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, ndipo maneno yanafuata. Baba angepigaje makofi na mkono mmoja umelala? Mtu akibisha hodi, alijikokota chumbani na kurudishia mlango.

Kwa hiyo baba mdogo, mdogo wake baba wa kuzaliwa, alipotamka kikaoni jambo lililoonekana la busara, wote waliitikia. "Kaka atakaa pale kwenye kiti, atatikisa kichwa. Maneno nitasema mimi."

Si mtu mbaya baba mdogo. Anapenda kuhutubia tu. Ukimwambia ashukuru kwa chakula, chakula kinapoa. Lakini mimi nilikuwa namtazama baba, na niliona anavyoangalia mkono wake uliolala mapajani, hajainua macho, mtu anazungumziwa nyumbani kwake mwenyewe utadhani ni kabati. Damu ikanipanda.

"Atasema mwenyewe," nikasema.

"Kwa kinywa kipi?" akauliza baba mdogo.

"Hicho hicho alicholia ugali mchana."

Wakacheka, kikao kikafungwa, na mimi nikabaki na kiapo changu.

Mume wangu anauza vifaa vya umeme vya mitumba hapa hapa Majengo: redio, pasi, feni ambazo kwa baridi yetu sijui nani huzinunua. Tangu baba augue tunakaa kwake, na cherehani yangu iko sebuleni. Katika mzigo mmoja alipata mashine ya gemu ambayo diski ilikuwa imeng'ang'ania ndani, haitoki kwa kubembeleza wala kwa bisibisi. Vijana walikuja dukani. "Mambo, bosi. Hiyo ina mpira?" "Haina mpira, ina mbio za magari." "Aa, poa." Wakaondoka. Mashine ikakaa dukani ikila vumbi, mpaka siku moja akaileta nyumbani aijaribu kabla ya kuitupa.

Ilikuwa mwezi wa sita, upepo wetu ule unaopita hadi kwenye tundu la ufunguo. Akaiunga kwenye televisheni. Kikatokea kigari cha matope kwenye barabara ya vumbi, misonobari pembeni. Mbio zenyewe hazikuwa za kusukumana na magari mengine. Unakwenda peke yako, njia imegawanywa vipande, saa inakuhesabia, na mwisho wa kipande unaambiwa wenzako walitumia muda gani. Ukishindwa kipande, cha mbele hakifunguki. Ndani ya gari mpo wawili. Mmoja anaendesha, mwingine kazi yake ni kusoma njia: anamwambia dereva kona inayokuja kabla dereva hajaiona. Msoma njia wa mashine ile alisoma kwa Kiingereza, haraka haraka, anameza nusu ya maneno.

Mume wangu alivuka vipande vya mwanzo kwa mbwembwe. Halafu akafika kipande cha mlima. Njia nyembamba inashuka, ukuta wa mawe upande huu, shimo upande ule, mvua inanyesha. Akaanguka. Akaanza upya, akaanguka. Akanipa pedi ya kuchezea huku anacheka. "Haya, jaribu wewe."

Alikuwa na haki ya kucheka. Mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli. Utotoni baba alipotuchukua kwenye lori nilikuwa natapika tangu kona ya kwanza, mpaka akakata tamaa na mimi, akamfundisha udereva mdogo wangu, huyu huyu anayeposwa, ambaye leo anaendesha pikapu ya duka la pembejeo huko Namanyere. Lakini kicheko kile kilinikera. Nikashika pedi, nikabonyeza mafuta mpaka mwisho, kona ikaja, sikuipinda.

"Breki!"

Tuligeuka wote wawili. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Tangu augue sikuwa nimesikia neno lake limekwenda moja kwa moja mahali pake. Hili lilikwenda. Na uso wake haukuwa na huzuni ile niliyoizoea. Alikuwa amekasirika.

Mume wangu alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Nikaanza upya na nikaenda moja kwa moja shimoni.

"Breki! Breki, we... breki!"

Siku ile niliangusha gari makusudi mpaka vidole vikaniuma. Mwisho baba alishindwa kuvumilia, akanitukana kwa Kifipa, tusi zima, refu, halina kiraka. Nikaenda jikoni nikalia. Ni tusi tamu kuliko yote niliyowahi kutukanwa.

Daktari wa mazoezi alikuwa ametuambia tusimmalizie maneno, na tutafute kitu ambacho kitakuwa na nguvu kuliko aibu yake. Nilimwona daktari yule anaongea mambo ya vitabuni. Sasa nilielewa. Nikamkataza mume wangu asiiuze mashine. "Ningemuuzia nani?" akasema. Nikamwomba amzime yule msomaji wa Kiingereza, akapekuapekua, akamzima. Kesho yake baada ya chakula cha mchana nikakaa chini kwenye mkeka mbele ya kiti cha baba.

"Baba, yule msomaji nimemfukuza. Simwelewi. Utanisomea wewe."

Akatikisa kichwa. Safari hii kichwa na moyo vilikubaliana: hataki.

Sikumbembeleza. Nilianza, nikaanguka. Nikaanza, nikagonga mawe. Nikaanza, nikaanguka, huku nyuma yangu nasikia pumzi zake zinavyoongezeka. Hatimaye akasema, "Kulia." Nikapinda kulia, tukaingia shimoni, maana kona ilikuwa ya kushoto. Alijisikia. Akafumba macho na kugeukia dirishani, na mchana huo ukaisha hivyo.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa nikishona sare za kwaya, na lililonisaidia ni kumbukumbu ya utingo wa baba. Kwenye ule mteremko wa Lyamba utingo hukaa juu ya magunia, wakati mwingine anatazama nyuma kuangalia mzigo unavyolala. Mtu anayetazama nyuma kulia kwake si kulia kwa dereva, na kule hakuna nafasi ya kuanza kuulizana. Kwa hiyo walikuwa hawasemi kulia wala kushoto. Utingo alikuwa anagonga paa la kabini kwa kiganja na kupaza sauti: mlimani, yaani njia inakunjia upande wa mlima, bondeni, inakunjia upande wa shimo. Maneno mawili tu. Baba ameyasikia juu ya kichwa chake maisha yake yote.

"Baba," nikamwambia, "nisomee kama utingo."

Nikabonyeza mafuta. Njia ikaanza kushuka, na mkono wake wa kushoto ukagonga mkono wa kiti.

"Mlimani."

Nikapinda mlimani.

"Bondeni. Bondeni... sana. Mlimani."

Hakukosea hata mara moja. Gari liligonga na kuchubuka, kwa sababu dereva alikuwa mimi, lakini njia ilisomwa. Sikuthubutu kugeuka kumwangalia, nisije nikamwona analia akajua nimemwona.

Tangu hapo tulifanya kazi. Siiti mchezo. Kila mchana, umeme ukiwepo, nilifunika cherehani tukakaa. Na ningependa anayehangaika na kipande kama kile ajue mambo niliyofundishwa, maana yalitoka kinywani kwa shida na kila neno lilikuwa limechaguliwa.

La kwanza aliniambia, "Mbali." Mimi nilikuwa natazama bumpa la gari, na baba alitaka nitazame pale njia inapopotelea, kwa sababu kona uliyokwishaifikia haina msaada tena. La pili lilikuwa lile lile breki, lakini kwa maelezo: breki hukanyagwa kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Ukikanyaga ndani ya kona kwenye utelezi, magurudumu yanagoma kuzunguka na gari linakwenda linakotaka. Hilo alinionyesha kwa kiganja, akikishusha taratibu kuelekea sakafuni nipunguze, akikiinua niongeze, na kiganja kile nilikiona kwa pembe ya jicho mpaka nikawa nakijua kuliko sauti.

Halafu kona tulizipa majina. Mimi ndiye niliyeanza, kwa uchovu wa kusema ile ya tatu baada ya daraja. Yenye jiwe jeusi tuliiita Mpakani. Ile ndefu isiyoisha tukaiita Mahubiri ya Baba Mdogo, na baba alicheka mpaka blanketi likaanguka. Njia ngeni ya nchi ngeni ikawa yetu. Ukiijua njia kwa majina huiogopi yote kwa pamoja, unaiogopa kona moja, ukishaivuka unaanza kuiogopa nyingine.

Lakini tulikuwa bado tunashindwa, na sababu ilikuwa ya aibu. Katikati ya kipande kuna mahali njia inabana kabisa, mwamba umetokeza. Kila tukifika pale baba alikuwa anapaza sauti, "Honi!" Gari lenyewe halina honi. Halafu, "Simama! Mpishe!"

Nami nilisimama. Katika mbio! Saa inakimbia, mvua inanyesha, mimi nimeegesha kando kwa heshima zote nikimsubiri mtu. Kwa sababu kule Lyamba sheria ni moja: anayeshuka anasimama, anayepanda na mzigo anapita, maana akisimama yeye hatapanda tena. Baba alikuwa ameitii sheria hiyo tangu hajaoa. Na kwa upande wangu, "Simama, mpishe" ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili tangu augue. Ningewezaje kuivunja? Mume wangu alitukuta siku moja tumeegesha, akauliza tunamsubiri nani, nikamwambia anyamaze.

Nilisimama pale mpaka nikaona kwamba baba mwenyewe anaumia kila muda wetu unapotokea mwishoni. Alitaka kushinda. Nikamgeukia.

"Baba, hakuna anayepanda. Barabara imefungwa."

"Nani... kafunga?"

"Serikali."

Akafikiri. "Serikali... gani?"

"Ya huko kwao."

Akaipima habari hiyo. Barabara nzima, mlima mzima, watu wote wamezuiwa ili gari moja lishuke. Nilimwona anavyoikataa, halafu anavyoanza kuionea tamaa. "Yote... yetu?"

"Yote yetu. Kushoto na kulia."

"Basi," akasema, na kiganja kikapanda juu, "tanua!"

Hapo ndipo tulipoanza kwenda kasi kweli. Ukijua njia yote ni yako unaanza kona ukiwa pembezoni kabisa, unaibana katikati, unatokea pembezoni upande wa pili, na gari halipotezi mwendo. Baba aliyeshika upande wake maisha yote alifurahi mpaka nikaogopa presha yake.

Mdogo wangu alikuja Jumamosi moja na basi la kutoka Namanyere, akasimama mlangoni na mkoba wake begani, akatukuta tunashuka Mahubiri ya Baba Mdogo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Niachie na mimi," akinyoosha mkono achukue pedi. Yeye ndiye dereva wa ukoo.

Baba akatikisa kichwa. "Huyu," akasema, akanigusa kichwani. "Nina... deni la kona." Alikuwa anatafuta neno lingine, lakini nilielewa. Mimi ndiye binti ambaye baba alimkatia tamaa kwa sababu ya kutapika. Mdogo wangu akacheka, akakaa kwenye mkeka, akamenya karanga. Mimi sikuona njia vizuri kwa muda.

Kilichokuwa kimebaki kilikuwa tabia yangu. Nikikosea kona nilikuwa naanza upya papo hapo. Kosa dogo tu, nabonyeza, gari linarudi juu, safi, halina mkwaruzo. Niliona ndiyo juhudi. Siku moja nilifanya hivyo mara nyingi mpaka baba akagonga kiti kwa nguvu.

"Usianze upya! Maliza."

"Nimeshaharibu, baba."

"Maliza. Lyamba... nani... anakurudisha juu?"

Alikuwa sahihi na nilichukia kwamba alikuwa sahihi. Kwa kuanza upya nilikuwa nazijua kona za juu mpaka harufu, na za chini ni za kubahatisha. Tukaanza kumaliza. Taa imevunjika, tunamaliza. Gurudumu linaburura, tunamaliza, wa mwisho kabisa, aibu tupu, lakini tumefika chini. Na kumbe ukizoea kushusha gari bovu, siku ukiwa na zima mkono hautetemeki.

Tulishinda mchana mmoja wa kawaida, nyumba ina harufu ya maharage. Tuligonga jiwe la Mpakani, taa moja ikazimika, nikasikia nyuma yangu "maliza" hata kabla sijafikiria lingine. Mwamba tukaupita bila kumpisha mtu. Chini kabisa namba zikatokea, jina letu juu. Sikupiga kelele. Niligeuka, nikaona baba ameinua mkono wa kushoto na anapiga paja lake, pa, pa, pa, taratibu, kichwa kimeinama. Alikuwa anapiga makofi. Alikuwa ananisalimia. Nami nikapiga magoti nikayaitikia kama inavyopasa.

"Tena," akasema.

Ningependa kusimama hapo, lakini wiki ile ile baba mdogo alikuja kupanga viti vya wageni. Baba alitoka chumbani mwenyewe, akapiga paja, akaanza kusema, "Ka... kari..." na baba mdogo, kwa upendo kabisa, akadaka: "Karibu, ndiyo kaka, nimeshakaribia, usijichoshe, kaa, kaa." Akamkalisha. Akaendelea kueleza viti.

Baba hakusema tena siku hiyo, wala iliyofuata. Nilipowasha mashine aligeukia dirishani. Nilimchukia baba mdogo kwa nguvu zangu zote, nikashona suruali nzima kinyumenyume. Siku ya tatu nikasimama mbele ya kiti.

"Mimi unaniambia nisianze upya. Wewe umezima gari katikati ya mlima?"

Nikarudi kwenye cherehani nikiwa nimeshajuta. Ndipo nikasikia, "Sija... zima." Nikasubiri. Sikummalizia. "Nimevuta handibreki."

"Basi ishushe, baba. Wageni wako njiani."

Alitazama mkono wake. "Washa," akasema.

Walikuja mchana, jua kali na upepo wa baridi pamoja, kama kawaida yetu. Mshenga akaongea, wajomba wakajibu, mashangazi wakamtania seremala kuhusu vitanda anavyotengeneza mpaka masikio yakamwiva. Baba alikaa kwenye kiti chake katikati, koti lake la siku za kanisani, blanketi hakulitaka. Mimi nilikaa sakafuni upande wa wanawake, mkabala naye.

Ikafika zamu ya baba wa binti. Baba mdogo, kwa mazoea, akaanza kuinuka, akasafisha koo.

Baba akashusha kiganja chake cha kushoto taratibu kuelekea sakafuni. Punguza. Baba mdogo hakuwahi kukaa kwenye mkeka wetu, lakini hata yeye alielewa. Akakaa.

Baba akapiga paja lake, pa, pa, pa, akiinamisha kichwa kwa wageni. Wazee wa upande ule wakashtuka, halafu wakainama na kuitikia kwa makofi, chumba kizima.

"Karibuni," akasema.

Akapumua. Nilimwona anatazama mbali, juu ya vichwa vyao, akiitafuta kona inayofuata kabla haijafika.

"Binti... huyu... ni... ni chu..."

Lilikuwa chumvi, nililiona linakuja. Alilisikia pia. Akakatisha. Uso ukaanza kufunga, macho yakatafuta mlango wa chumbani, na baba mdogo akafungua mdomo. Sikujali adabu ya mwanamke kukaa kimya wakati ule.

"Maliza, baba," nikasema. "Hapo hapo ulipo."

Watu wakageuka kunitazama. Baba alinitazama pia. Mkono wake ukagonga mkono wa kiti mara moja.

"Ni wangu," akasema. "Nampenda. Nimekubali." Halafu, wakati wote wanadhani amekwisha na mashangazi wamevuta pumzi wapige vigelegele, akamnyooshea kidole seremala. "Wewe. Unaendesha... gari?"

Kijana akababaika. "Hapana, mzee. Sijui kuendesha."

"Vizuri. Yeye... anajua." Akamwonyesha mdogo wangu, aliyekuwa ameficha uso kwenye khanga. "Yeye ataendesha. Wewe... msomee njia."

"Nitamsomea, mzee," akasema yule kijana, na kwa sauti yake nilijua hakuelewa yote lakini atatimiza.

"Mapema," baba akamwambia. "Kabla ya kona. Siyo... ndani."

Vigelegele vikapanda mpaka majirani wakatoka nje. Mdogo wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, baba mdogo anafuta macho kwa kofia yake, na nikamsamehe pale pale. Katikati ya kelele zile baba aliinama mbele kidogo, akanitafuta upande wa wanawake, akasubiri mpaka macho yetu yakakutana.

"Nimemaliza?" akauliza.

"Umemaliza, baba."